Mikono Yangu na Somoe

Mtanisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache, kwenye daftari la zahanati na kwenye barua za kumwandikia mama. Nikikosea herufi, nisomeni kama mnavyomsikiliza mtu mwenye kigugumizi, mngoje mpaka neno lifike. Naandika polepole pia kwa sababu ncha za vidole vyangu ni nene na hazisikii kalamu vizuri. Sababu yake nitaieleza, maana ndiyo habari yenyewe.

Juzi nilikuwa nafagia uwanja wa zahanati ninapofanya usafi, huku mjini Rahaleo, jirani akawasha maganda ya korosho chini ya sufuria yake. Wa kwetu mnaujua ule moshi. Ni mweusi, mzito, unakushika kooni kabla hujausikia puani. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye benchi walikohoa, wakahama. Mimi nilibaki pale pale. Baadaye kidogo nikaona ufagio uko chini na mikono yangu yote miwili iko nyuma ya mgongo, imeshikana. Sijui niliiweka huko saa ngapi. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa tu nimesimama, mikono imejificha yenyewe kama ilivyozoea.

Nataka kuwaeleza juu ya mdogo wangu, Somoe. Mama yangu bado yu hai, na kuna jambo moja juu ya Somoe ambalo nimelijua mwaka huu na sijamwambia. Ninyi wa rika langu ndio nawaambia kwanza.

Tulikaa kijijini, njia ya kwenda Msimbati. Baba alikuwa kwenye kambi ya wavuvi upande wa Mnazi Bay, akirudi nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili. Shamba lilikuwa la mama: muhogo, na mikorosho aliyoachiwa na wazazi wake. Korosho nzuri ziliuzwa mbichi, kwa magunia. Zile ndogo na zenye madoa mama alizichoma uani, tukazibangua, akaenda kuziuza sokoni Chikongola.

Mama alikuwa na bati la zamani alilolitoboa matundu kwa msumari. Aliliweka juu ya mafiga, akamwaga korosho, akazikoroga kwa mti mrefu huku amejifunga kanga puani. Korosho ikipata moto, ganda linaanza kutoa jasho. Halafu linatema. Yale mafuta yake yanaruka, yanashika moto, na bati zima linawaka kwa mara moja, kama mtu amemwagia mafuta ya taa. Hapo mama alilipindua bati mchangani, tukafukia kwa mchanga mpaka moto ufe. Sisi watoto tulisogea wakati huo tu.

Kazi yangu ilikuwa kubangua. Unapaka viganja jivu, kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi. Unaisimamisha korosho juu ya jiwe, unaipiga kwa kipande cha mti, mara moja, si kwa nguvu, inafunguka. Niliijua sana kazi ile. Zangu zilitoka nzima, na mama aliziweka juu kabisa ya ungo ili wanunuzi wazione kwanza. Sikuwa mtoto wa kusifiwa kwa mengi. Shuleni nilikuwa sinyooshi mkono hata nikijua jibu. Lakini pale kwenye jiwe nilikuwa mtu.

Somoe alikuwa hajaanza shule. Alikaa ubavuni mwangu, nje ya moshi, akifungua mdomo kila nilipopata kipande kilichovunjika. "Dada, nipe." Mama alikuwa amekataza asile za uani, kwa kuwa mtoto hajui kuchagua, atauma ganda. Siku moja nilimpa kipande.

Haukupita muda mrefu, midomo yake ikaanza kukua. Sina neno jingine. Ilikua, mpaka wa juu ukafika puani. Mama alikuja mbio, akamtazama mara moja tu, akajua. Kila mtu wa kwetu angejua. Mtoto akivimba mdomo msimu wa korosho, ni mafuta ya ganda. Hata mimi niliwahi kuungua midomo. Mama alinipiga viganjani kwa ule mti wa kukorogea, akisema nimeambiwa jivu, jivu, na mimi sisikii. Akampaka Somoe mafuta ya nazi. Kufikia alasiri midomo ilikuwa imerudi, na Somoe alikuwa anamfukuza kuku.

Nilisikia aibu, si uchungu wa mti. Nilijiona nimechafua kazi pekee niliyoiweza. Kwa hiyo nikaamua kumpa Somoe korosho moja safi kuliko zote, ili mama aone.

Siku nyingine mama alipochoma, nilingoja mpaka bati lipoe kabisa. Nikachagua korosho kubwa, isiyo na doa. Nikaosha mikono kwa jivu, kisha kwa maji, kisha kwa sabuni ya mama ya kufulia, kisha kwa jivu tena. Nikaibangua, ikatoka nzima. Nikaimenya ile ngozi yake nyembamba nyekundu kwa ukucha. Nikaiosha kwa maji ya kunywa, nikaifuta kwa upindo wa gauni, nikailamba pande zote mbili kuhakikisha haina ukali. Ilikuwa nyeupe kama jino. Nikamwita Somoe nyuma ya choo.

Alisita. Alikuwa hajasahau. Nikamwambia, "Hii safi. Mimi mwenyewe nimeionja."

Akaila nusu, kwa kunifurahisha. Nadhani hilo ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi ya yote, kwamba aliitafuna akiniangalia kama nimefurahi.

Kwanza alikuna viganja. Akasema vinawasha. Akapiga chafya, mara nyingi, moja juu ya nyingine. Halafu ngozi yake ikaota mabaka kama kaumwa na mbu, mabaka yakaungana, shingo, tumbo, masikio. Akatapika. Kifua kikaanza kupiga mluzi. Mama alikaa naye mapajani muda mrefu, amemwegemeza, akisoma dua alizozijua, na mimi nilisimama mlangoni nimeshika ile nusu iliyobaki. Jua lilipoanza kulala mluzi ukapungua. Akalala usingizi.

Bi Zaituni, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekuja kusaidia. Aliniomba ile nusu. Akaitazama kwenye mwanga, akaipitisha kwa mama. Haikuwa na doa. Haikuwa na mafuta. Kisha Bi Zaituni akanishika mikono, akaigeuza. Mnajua mikono ya mbanguaji ilivyo katikati ya msimu. Ilikuwa myeusi kwenye mistari, inachunika, kucha zimeiva rangi ya chai.

"Mikono ya huyu imeshakunywa sumu ya ganda," alisema. "Hata aioshe kwa sabuni ya mche mzima, haitoki. Kila atakachoshika kitamuunguza mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema wali umeungua. Na mama akakubali kwa kichwa, kwa kuwa hesabu ilikuwa imetimia. Korosho safi, mtoto ameungua, kilichobaki ni mikono. Tangu siku ile ikawa amri ya nyumba kwamba Somoe asile chochote kilichopita mkononi mwangu.

Amri ilikuwa ya chakula tu. Mimi ndiye niliyeiongeza. Nilifikiri, kama mafuta yanapita kwenye korosho na kuingia tumboni, yatashindwaje kupita kwenye ngozi? Nikaacha kumwogesha. Nikaacha kumsuka. Nilikuwa nambeba mgongoni kwenda kisimani, nikaacha. Usiku nililala ukutani, mikono chini ya tumbo. Msimu ulipokwisha, ngozi nyeusi ilichunika yote, viganja vikatoka vipya, lakini Bi Zaituni alisema haitoki, na mimi niliamini imezama ndani zaidi.

Shuleni habari ilifika. Mtoto mmoja alikuwa akikataa kupokea chaki kutoka kwangu. "Iweke chini," alikuwa akisema, "mimi bado naupenda mkono wangu." Darasa linacheka. Nilikuwa naiweka chini.

Somoe hakuelewa. Alimwuliza mama kama dada anamchukia. Mama akamwambia hapana, dada yako mikono yake inauma. Jioni hiyo alinijia pale nilipokaa, akainama mbele ya mikono yangu bila kuigusa, akaipulizia. Alipuliza kwa muda mrefu, mashavu yamejaa, kama unavyopulizwa uji wa moto. Alifanya hivyo siku nyingi. Mimi nilikuwa nainyoosha mbele yake, mbali kidogo, nikihesabu moyoni mpaka amalize.

Kuhusu chakula, alikuwa msumbufu. Kwetu mboga nyingi tunaunga kwa korosho zilizotwangwa, na Somoe alikuwa akizikataa zote. Alisema zinamwasha ulimi. Mama alidhani anadeka. Ili asilale na njaa alimuungia yake kwa nazi, kwenye kijungu kidogo, na ndivyo tulivyokaa, msimu ukapita, mwingine ukaja.

Kisha mtoto wa Bi Zaituni akatoka jandoni. Uwanja ulifagiliwa, ngoma ikawekwa, wanawake walipika tangu alfajiri. Ulikuwa wali na kisamvu, na kisamvu kilikuwa cha korosho, kizito, kinang'aa. Mimi sikuwa nimeshika hata kuni. Nilijua nafasi yangu, nilikaa pembeni mwa mkeka, mikono nimeifunika kwa kanga.

Mama alikuwa na furaha siku ile. Somoe alikuwa ameng'ang'ania kula wali mtupu, na wanawake wakaanza kumtania mama kwamba amelea bibi harusi. Mama akacheka. Akatengeneza tonge, akalichovya kwenye kisamvu, akalisogeza mdomoni mwa mwanawe.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hiki hakikupita mkononi mwa dada yako."

Somoe alinitazama. Mimi nikatikisa kichwa kumkubalia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Akala. Mama akampa tonge la pili, na la tatu, wanawake wakapiga vigelegele kidogo, kwa mzaha, halafu mama akaitwa kwenda kupakua sinia za wanaume.

Nilimwona Somoe akikuna kiganja. Kwanza cha kushoto. Akakikuna kwenye mkeka, kisha kwenye gauni. Nilikuwa nimeviona viganja vile hapo nyuma na nilijua nini kinafuata. Katika uwanja ule wote hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Alipiga chafya. Akasimama, akanijia akiyumba, uso umeanza kujaa, akanyoosha mikono yote miwili juu.

"Dada, nibebe."

Nilikuwa na nguvu za kumbeba. Nilikuwa nabeba ndoo ya maji kutoka kisimani bila kupumzika. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikamwambia angoje, nakwenda kumwita mama. Nilifikiri nikimgusa sasa, ameshaanza kuungua, nitammaliza.

Mama hakuwa jikoni. Hakuwa kwa wanaume. Ngoma ilikuwa kubwa, na mimi sikuwa na sauti ya kuita mbele za watu. Nilipita nikivuta wanawake kwa upindo wa kanga, kwa ncha za vidole, nisiwaguse ngozi. Nilipompata mama nyuma ya nyumba na kurudi naye, Somoe alikuwa amekaa chini palepale nilipomwacha. Hakuwa amehama. Nilikuwa nimemwambia angoje.

Walimpakia kwenye baiskeli, mama nyuma amemshika. Zahanati ilikuwa mbali. Waligeuza baiskeli kabla ya kumaliza mashamba ya muhogo. Nilijua walipotokea, kwa sababu hawakuwa wanakimbia.

Sikulia. Watu walisema nimeshikwa na butwaa, nipewe maji. Baada ya mazishi mama aliniita chumbani, akaniuliza swali moja tu, kama nilimgusa. Nikasema sikumgusa. Akaniuliza tena. Nikasema sikumgusa, mama. Alinitazama muda mrefu, na nikaona hakuniamini, na mimi mwenyewe nikaanza kutojiamini. Huenda nilishika mkeka. Huenda nilishika mwiko ulioingia kwenye sufuria. Ilipofika Idi, mama aliniita tena na kuniambia amenisamehe. Kila Idi tangu siku ile ananiambia hivyo. Anasema kwa upole, anashika bega langu. "Nilishakusamehe, mwanangu." Nami najibu, "Ahsante, mama."

Niliendelea kubangua misimu mingine mingi, bila jivu. Hakuna aliyenilazimisha. Vidole vikawa vinene, vikaacha kusikia. Ilikuwa nafuu.

Mwaka huu, hapa zahanati, aliletwa mtoto wa kiume aliyekula pweza. Nilikuwa napiga deki. Niliona midomo. Nikaona mabaka, nikasikia mluzi, nikaegemea ukuta. Sista aliyekuwa zamu alimchoma sindano pajani, upesi, hata bila kukaa. Tukangoja. Mluzi ukapungua, mtoto akaanza kulia kwa sauti kubwa, na mama yake naye akalia. Mimi nikamaliza deki.

Ilinichukua siku kadhaa kupata ujasiri wa kumwuliza Sista. Alikuwa anakunywa chai. Nilimwuliza mtoto yule aliunguzwa na nini. Akasema hakuunguzwa na kitu, ulikuwa mwili wake mwenyewe. Akanionyesha kwenye mkono wake, kwamba hapa chini ya ngozi, na kooni, na kifuani, na tumboni, kila mahali ambapo vitu vya nje huingilia, kuna seli zimekaa kama walinzi. Alizitaja kwa jina la kizungu, sikulishika. Ndani zimejaa vifuko vidogo vidogo vya kemikali kali. Moja inaitwa histamini. Kazi yake ni kutulinda na minyoo na sumu. Lakini mwili unaweza kukosea. Unakutana na chakula, unakiandika adui, kimyakimya, mtu hasikii lolote. Unakitengenezea kingamwili zake, zinakwenda kukaa juu ya seli zile, zinangoja. Chakula kikirudi, zinakidaka, na seli zinamwaga kila kitu kwa mara moja.

Nilimwuliza kama zinapasuka, kama korosho kwenye bati.

Akacheka, akasema mfano mzuri, ila hazipasuki. Zinafungua vifuko na kumwaga, halafu zenyewe zinabaki, na baada ya muda zinajijaza upya. Zilichomwaga ndicho kinacholegeza mishipa ya damu mpaka ivuje maji, ndiyo uvimbe na mabaka. Ndicho kinachobana njia ya hewa. Damu inakosa nguvu ya kwenda, mtu anapoa, analegea. Kila safari inaweza kuwa mbaya kuliko iliyopita.

Nikakumbuka uji wa unga wa korosho ambao mama alimlisha Somoe alipokuwa anaota meno.

"Na korosho je, Sista?" niliuliza.

"Korosho ni mojawapo ya zile mbaya."

"Na mikono ya anayempa? Kama ina mafuta ya ganda?"

Alinitazama mikono. Nilikuwa nimeisahau, ilikuwa mezani.

"Mafuta ya ganda yanababua ngozi, hilo ni jambo jingine kabisa," alisema. "Huyo hata angelishwa na malaika, dada yangu, ingekuwa vilevile."

Nikamshukuru. Nikachukua ndoo. Nilingoja nisikie kitu, furaha, au hasira, au machozi ambayo sikulia siku ile. Sikusikia kitu. Nilisugua sakafu ya chumba cha kinamama mara mbili. Kumbeba kusingemwokoa, hilo nilijua sasa. Sindano ndiyo ingemwokoa, na sindano haikuwepo. Lakini alikuwa hajaniomba nimwokoe. Aliomba abebwe.

Nyumbani nilikaa nikafikiri mpaka nikafika mwisho wa jambo, na mwisho wake ndio huu. Mikono yangu haikuwa na kosa. Matonge matatu yalitoka mkononi mwa mama. Siwezi kumpa mama nusu ya kwanza ya ukweli huu bila kumpa na ya pili. Nikimwambia si mimi, ataniuliza ni nani basi, na hata asiponiuliza, ni mtu mwenye akili, atakumbuka yule aliyekuwa anacheka na kisamvu mkononi. Sasa ni mtu mzima, magoti yanamsumbua. Ana huzuni moja, na ameibeba vizuri kwa kuwa ina mahali pa kukaa. Imekaa kwangu.

Idi iliyopita nilikwenda kijijini. Alinishika bega. "Nilishakusamehe, mwanangu." Midomo yangu ilifunguka. Niliiona mikono yake imeshika kanga yangu, imekunjamana, safi, imekwisha kusahau korosho kwa sababu sasa huchomewa na watoto wa jirani. Nikasema, "Ahsante, mama." Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu utotoni. Niliishika ile mikono yake kwa mikono yangu miwili, nikainama, nikaipulizia. Aliniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nimeona ina baridi.

Basi ninyi mliokua wakati wangu, mlioacha shule nilipoachia na hata mliokwenda mbele, nawaomba mniandikie. Sitaki mnifariji. Nataka kujua kama mngemwambia. Hata mistari miwili inatosha, na mwandiko wenu uwe vyovyote. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini Idi bado iko mbali, na nitazisoma barua zenu zote kabla haijafika.